Baht 300 zilizonitoa jasho: ukitaka kustaafia Thailand, soma hapa kwanza

Kila ikikaribia Machi mke wangu huacha kunituma sokoni. Anajua msimu wa makaratasi umeingia, na mzee aliye katika msimu huo hata akitumwa nyanya hurudi na fotokopi.

Mimi ni mtu wa Mombasa. Nimemaliza zaidi ya miaka thelathini kwenye vyumba vya injini za meli, na katika kuingia na kutoka bandari ya Laem Chabang, Thailand, nikapata mchumba, nikaoa. Nilipostaafu tukakubaliana tukae kwao, mji mdogo wa pwani ambao upepo wake wa jioni hunikumbusha Likoni. Mabaharia wenzangu wanaotamani kufuata njia hii hunipigia simu kila mara. Huuliza kodi ya nyumba, bei ya samaki, kama kuna msikiti karibu. Habari ya muhuri wa uhamiaji, ule wa kukuruhusu kukaa, haulizi mtu. Basi leo ni habari ya muhuri.

Kwanza tuelewane. Sote husema "naenda kuongeza viza", lakini viza hasa, ile uliyopewa ubalozini, kazi yake ni kukuingiza nchini na kukupa siku 90. Baada ya hapo unachoomba kila mwaka ni ruhusa ya kuongezewa muda wa kukaa kwa sababu ya kustaafu, mwaka mmoja mmoja, na ada yake ni baht 1,900 (baht ndiyo fedha ya huku). Mtu anaweza kuona haya ni maneno tu. Si maneno tu. Ruhusa hiyo hufa siku unapovuka mpaka bila kibali cha kuingia tena, ambacho ni baht 1,000 kwa safari moja au 3,800 kwa safari nyingi. Namjua mwenzetu mmoja aliyepigiwa simu usiku kwamba mama yake amefariki, akakimbilia uwanja wa ndege na begi moja. Nani anakumbuka kibali saa kama hiyo? Aliporudi alihesabiwa mgeni mpya, akaanza moja. Tangu siku hiyo mimi huchukua cha safari nyingi papo hapo, muhuri wa mwaka ukiwa bado haujakauka. Mama yangu ameshatangulia, lakini nina dada.

Masharti yenyewe ukiyasoma ni mepesi. Uwe umetimiza miaka 50. Uwe na baht 800,000 katika benki ya Thailand, kwa jina lako peke yako. Kwetu hiyo ni kama shilingi milioni tatu. Ziwe zimekaa miezi miwili kabla ya kuomba, zikae mitatu baada ya kupewa, na baada ya hapo zisishuke chini ya 400,000 mpaka mwaka unaofuata utakapozijaza tena. Zamani ulikuwa ukishapigiwa muhuri unaweza kuzitoa kesho yake. Kamba hii ilikazwa Machi 2019. Asiye na akiba hiyo aonyeshe kipato cha baht 65,000 kila mwezi. Wazee wa Kiingereza, Kimarekani na Kiaustralia walikuwa wakichukua barua ya kipato kwa balozi zao, lakini balozi hizo ziliacha kuziandika, kwa hiyo nao sasa hubeba kitabu cha benki kama mimi. Kwa njia ya kipato, hakikisha kila muamala unasomeka kitabuni kwamba umetoka nje ya nchi. Fedha ikipitia mkononi mwa wakala wa humu ndani huandikwa kama ya humu ndani, na ofisa hana haja ya kujua ilianzia wapi.

Sasa hizo baht 300.

Ilikuwa 2024. Ruhusa yangu ilikuwa inaisha tarehe 24 Aprili. Mwishoni mwa Januari nilijaza akaunti mpaka 800,000 kamili, kamili kwa maana ya kamili, kwa sababu mtu wa injini hupenda namba iliyonyooka. Tarehe 3 Aprili nikaenda ofisi ya uhamiaji nimevaa shati la mikono mirefu, faili kwapani. Binti aliyekuwa kaunta, umri wa mjukuu wangu wa kwanza, akanisalimia kwa heshima zote, akaniita *lung*, ambalo huku ndilo jina la adabu kwa mtu mzima, kama sisi tunavyosema mjomba. Akafungua kitabu cha benki. Akawa anashuka na ncha ya kalamu mstari kwa mstari, bila haraka, kama mwalimu wa madrasa anayemfuatisha mtoto. Kalamu ikasimama.

Tarehe 19 Machi benki ilikuwa imekata baht 300, ada ya mwaka ya kadi. Salio: 799,700.

Nikatoa pochi. Nikamwambia baht 300 hizi hapa, nakwenda kuziweka sasa hivi, benki iko hapo ng'ambo ya barabara. Akatabasamu, akatikisa kichwa. Hata nikiweka milioni leo, hesabu ya miezi miwili inaanza leo, na mimi nilikuwa na wiki tatu. Nikabisha. Nikasema hili ni kosa la benki. Nikapandisha sauti kidogo, na hapo ndipo nilipokosea zaidi kuliko pale kwenye kadi, maana tabasamu lile likafungwa kama dirisha na namba iliyofuata ikaitwa. Mke wangu alikuwa kwenye benchi nyuma. Akaja akanishika kiwiko: *jai yen yen*. Maana yake moyo uwe baridi, baridi. Akapiga magoti pale kaunta, wakaongea wawili kwa sauti ya chini, na baada ya dakika kumi nikasikia nimepata njia nyingine, ambayo mimi kwa kiburi changu sikuwahi kuiuliza.

Mwenye mke Mthai anaweza kuomba kwa sababu ya ndoa, na huko kinachotakiwa ni baht 400,000 kwa miezi miwili. Hizo nilikuwa nazo mara mbili, kasoro baht 300.

Ila wakati ulikuwa wa Aprili. Huku Aprili ni mwezi wa sikukuu: tarehe 6 ni siku ya Chakri, ya kuukumbuka ukoo wa kifalme, 13 hadi 15 ni Songkran, mwaka mpya wa Kithai, na zikiangukia mwisho wa wiki hufidiwa siku za kazi. Mwaka ule tarehe 8 ofisi zilifungwa, na kuanzia tarehe 12 nchi nzima ilikuwa barabarani inamwagiana maji. Nilikuwa na siku chache za kazi za kukusanya nakala mpya ya usajili wa ndoa kutoka wilayani, kitabu cha nyumba cha mke wangu (kile cha kuandikishia wakaaji), kitambulisho chake, ramani ya kufika kwetu iliyochorwa kwa mkono, na picha zetu wawili: tukiwa sebuleni, jikoni, nje chini ya namba ya nyumba. Mpwa wa mke wangu ndiye aliyetupiga. Katika picha ya jikoni nimeshika mwiko kwa namna ambayo asiyenijua angeamini kwamba napika.

Nikawasilisha tarehe 10. Mwaka haukutolewa siku ile. Nilipigiwa muhuri wa kungojea, nirudi baada ya kama siku 30. Katikati wakaja maofisa wawili nyumbani. Wakatazama, wakapiga picha, wakamuuliza jirani anayeuza kuku wa kuchoma kama kweli naishi pale. Jirani akawajibu kwamba naishi, na kwamba tangu nihamie sijawahi kununua kuku wake. (Ni kweli. Nimemweleza mara nyingi habari ya kuchinja, naye hunielewa, lakini hajanisamehe.) Mwezi Mei nikapata muhuri wangu.

Utaniuliza, kama ndoa inataka nusu ya fedha, kwa nini mwaka uliofuata nilirudi kwenye kustaafu? Kwa sababu njia ya ndoa humfunga mke wangu pia: kila hatua lazima awepo, asaini, ahojiwe, na ruhusa imening'inia kwenye uhai wake. Mungu ampe umri. Sitaki siku ya matanga yake niwe pia nahesabu siku za kuondoka. Mwenye fedha ya kuegesha achague kustaafu. Asiye nayo, na ana mke wa hapa, ashukuru mlango upo, na azoee wageni.

Tangu siku ile akaunti yangu haishuki chini ya 830,000 katika miezi inayohesabiwa, na kadi ya akaunti hiyo nimeirudisha benki. Ni akaunti isiyofanya kazi yoyote nyingine. Sinunulii gesi, silipii intaneti. Fedha ya matumizi iko kwingine kabisa.

Asubuhi ya kwenda ofisini hupitia benki kwanza, naweka baht 100 ili kitabu kipigwe mstari wa siku hiyo hiyo, kisha naomba barua ya salio. Mstari wa jana kuna meza huukubali na kuna meza huukataa, na huwezi kujua utaangukia ipi. Barua ya benki isome ukiwa bado ndani. Pasipoti yangu ina majina matatu. Mwaka mmoja barua ilitoka na mawili, nikagundua nikiwa mbele ya ofisa, nikarudi benki wakati wa chakula cha mchana na kukuta foleni ya watu kumi na saba. Sisi watu wa majina ya baba na babu tuwe waangalifu zaidi: mfanyakazi wa benki asiyejua lipi ni la ukoo atachagua analolipenda.

Kila mwaka, miezi miwili kabla, naenda mwenyewe kuomba karatasi ya masharti ya ofisi yangu. Si ya Bangkok, si ya rafiki aliye mkoa mwingine. Sheria ni moja, lakini kila ofisi ina vijambo vyake: hii inataka nakala mbili, ile inataka picha ya 4 kwa 6 isiyo na miwani, nyingine inataka uthibitisho kwamba mwenye nyumba ameandikisha kuwa anakaa na mgeni, ile fomu ya TM.30. Hilo la mwisho ni wajibu wa mwenye nyumba, ila asipolifanya anayerudishwa ni wewe. Hakikisha kabla ya kulipa kodi ya kwanza.

Angalia pasipoti pia. Ikibakiza miezi minane, utapewa miezi minane, si mwaka.

Halafu kuna saa ya pili inayokwenda peke yake: ripoti ya siku 90, ya kusema bado nakaa palepale. Haina uhusiano na muhuri wa mwaka, na kupewa mwaka hakukuondolei. Unaruhusiwa kuanzia siku 15 kabla mpaka siku 7 baada ya tarehe. Ukichelewa zaidi, faini ni baht 2,000. Kupitisha muda wa ruhusa yenyewe ni baht 500 kwa siku mpaka 20,000, na jina lako linabaki limeandikwa. Jambo lililonisaidia ni kwamba sisi wa pwani tumezoea kalenda mbili, ya Hijria na ya miladi. Huku nimeongeza ya tatu: mwaka 2024 kwao ni 2567. Ukutani kwetu kalenda zote zimetundikwa pamoja na tarehe za ripoti zimezungushiwa wino mwekundu.

Na mawakala? Watakufuata mpaka mlangoni pa ofisi. Wa kukujazia fomu na kukupangia foleni simlaumu, mzee mwenye magoti mabovu anastahili kusaidiwa. Lakini kuna anayekwambia usijali hata kama huna hizo 800,000, yeye atazipitisha kwenye akaunti yako kisha azitoe. Huyo mkimbie. Siku atakayokamatwa yeye, kitabu kitakachofunguliwa kina jina lako.

Mzee mmoja Mjerumani, jirani wa pili, aliwahi kuishi Diani kabla ya kuja huku. Siku moja nilikuwa nikimlalamikia, akacheka mpaka akakohoa. Akaniuliza kama najua chochote kuhusu kibali cha daraja K cha Kenya, kile cha wageni wanaokuja kukaa bila kufanya kazi, kama wastaafu. Nikasema sijui, mimi ni Mkenya, ningekijulia wapi? Akaketi akanisimulia, meza kwa meza, muhuri kwa muhuri, kuanzia saa kumi jioni mpaka mke wangu alipotuita kula.