Jibu: Usipunguze masurufu ya watoto kwa maneno ya mdomo, hata mama yao akikubali

Usimpe mtalaka wako shilingi 5,000 mwezi huu ikiwa amri ya mahakama inasema 10,000. Umeeleza kwamba kusi, msimu wa bahari chafu, imeingia, mashua zimepandishwa mchangani hapo Malindi, na mama watoto amekubali mbele ya baba yake kupokea nusu hadi kaskazi, msimu wa uvuvi mzuri, irudi. Unauliza kama hayo yanatosha. Nimeyasoma maneno yako mara mbili, kwa sababu hilo la "tumekubaliana mbele ya wazee" ndilo nililokuwa nikilisema mimi.

Mimi ni mvuvi wa kamba kutoka Kizingitini, kule Lamu. Tulipoachana, hakimu aliniamuru nilipe shilingi 12,000 kila mwezi kwa watoto watatu, ziingie kwenye simu ya mama yao kabla ya tarehe 5. Wakati wa kaskazi nililipa bila taabu. Kusi ilipoingia bahari ilichafuka, tukawa tunakaa wiki nzima bila kushusha mashua, nami nikaenda kwao na ami yangu, tukaketi na wazee wawili, mtalaka wangu akakubali kupokea 5,000 kuanzia Mei hadi Septemba. Alikubali kwa moyo safi, wala simsingizii. Mwaka uliofuata tukafanya vivyo hivyo. Hiyo ikawa miezi 10, kila mwezi upungufu wa 7,000, na muda wote huo nililala nikijua sina deni la mtu.

Kisha mtoto wa pili akaugua, babu yao aliyekuwa akisaidia karo akafariki, na mama yao akabanwa pande zote. Ndugu yake akafuatana naye kortini na ile amri mkononi. Niliitwa nieleze kwa nini nisifungwe kwa deni la shilingi 70,000. Nikasimama nikaeleza habari ya kusi, ya kikao na ya wazee, na hakimu akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu: amri hii ilibadilishwa lini? Sikuwa na jibu. Sare na vitabu nilivyonunua katikati ya miezi hiyo havikuhesabiwa, kwa kuwa amri ilitaja fedha na ikataja zilipwe wapi. Niliuza mashine ya mashua, ya farasi 40, nikalipa. Hasara haikuishia hapo, kwa sababu asiye na mashine hafiki kwenye miamba ya mbali, na kaskazi iliyofuata, ambayo ndiyo ingeniinua, nilivua ndani ya mashua ya mtu mwingine nikigawiwa fungu la baharia.

Ami yangu, aliyeniambia kwamba karatasi ni za watu wasioaminiana, hakuchangia hata shilingi 100. Lakini ninayemkasirikia zaidi hadi leo ni mwandishi wa barua aliyenitoza 3,000 katika mwaka wa pili, akatuandikia makubaliano, akatutia wino vidole gumba, akagonga muhuri wake na kusema kwamba barua hiyo ina nguvu sawa na amri. Hakusema kwamba inapaswa kupelekwa mahakamani. Anayechukua fedha ya mvuvi wakati wa kusi kwa kazi asiyoijua amewadhulumu watoto pamoja na baba yao.

Wazee wetu wamezoea kusuluhisha madeni ya watu wazima, ambako aliyesamehewa amesamehewa. Masurufu ya mtoto hayako hivyo. Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtoto mwenyewe haki ya kutunzwa na baba na mama kwa usawa, wawe wameoana au la, na Sheria ya Watoto ya 2022 inatanguliza maslahi yake. Mama huzipokea fedha hizo kwa niaba ya watoto, kwa hiyo hawezi kukusamehe kisicho chake. Anayeweza kupunguza ni mahakama.

Fungua maombi katika faili ileile ya kesi yenu, ukiomba amri ibadilishwe. Ambatanisha hati ya kiapo inayoeleza kipato chako cha kaskazi na cha kusi, pamoja na hesabu za tajiri anayenunua samaki wako, taarifa ya M-Pesa ya miezi 12 na barua ya BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, ya bandari yenu. Kwa kuwa mama watoto amekubali, yaandikeni makubaliano hayo, mtie sahihi nyote wawili, yawasilishwe yaidhinishwe kuwa amri. Ombeni viwango viwili vya misimu miwili. Mimi niliomba hivyo baada ya kulipa deni, na sasa amri yangu inasema 14,000 wakati wa kaskazi na 7,000 wakati wa kusi. Ilibadilisha ya mbele tu. Ya nyuma sikufutiwa.

Mpaka amri mpya itoke, lipa 10,000 kamili, hata kwa kukopa kwa tajiri wako, na upitishe kwenye simu, usimpe shemeji mkononi. Mama watoto anakubali leo kwa sababu leo hajabanwa. Mwende naye kwa karani wa mahakama juma hili, angali na moyo huo.