Kabla hujanunua kitabu cha picha cha darasa la awali

Mwalimu mwenzangu uliyepangiwa darasa la awali mwaka huu, ipo siku utapewa fedha kidogo za vitabu, nawe utajikuta mbele ya rafu ukiwa na haraka. Jalada linang'aa, bei ni nafuu, ndani kuna wanyama. Usinunue bado. Kifungue, ziba maneno kwa kiganja, kisha tazama picha peke yake kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Kama umeweza kuifuata hadithi hivyohivyo, hicho ni kitabu cha picha. Kama umeona mapambo tu, mtoto wa miaka minne au mitano hana cha kushika humo.

Hili nalipigania kuliko mengine yote. Katika umri huo mwalimu husoma maneno na mtoto husoma picha, tena kwa makini kutushinda. Maneno yakitaja mbuzi mweusi na mchoraji akachora wa kahawia, watoto watakusimamisha hapohapo. Picha iliyofikiriwa vizuri husema kile ambacho maneno yamekiacha. Maneno yanasema mama anamtafuta kuku wake, na picha inaonyesha kuku amejibanza nyuma ya pipa. Darasa zima litapiga kelele kumwelekeza mama, na hata yule asiyefungua mdomo wiki nzima atasema "nyuma ya pipa!" Somo la lugha limeshafanyika. Kitabu kinachotaja kwa maneno kila kilichochorwa hakimwachii mtoto la kusema.

Kisha kisome kwa sauti palepale dukani, hata kwa kunong'ona. Vitabu vingi vya bei nafuu vimetafsiriwa kwa haraka, na utaigundua kasoro hiyo mdomoni kabla ya kuiona kwa macho. Hadithi ya Kiswahili hutembea: akaenda, akachungulia, akakimbia. Ukikutana na "Paka alikuwa katika hali ya furaha kubwa" badala ya "Paka akafurahi", kirudishe. Tafuta chenye kiitikio. Watoto wetu wanajua kuitikia "hadithi njoo" tangu nyumbani, kwa hiyo sentensi inayojirudia kila baada ya kurasa mbili wataidaka wenyewe na kuisema pamoja nawe.

Vitabu vya herufi vinahitaji jicho kali zaidi. Vipo vilivyochukua michoro ya kitabu cha Kiingereza na kubadilisha maneno machache tu: kwenye B kuna mpira, kwenye D kuna mbwa, na mwishoni zimo Q na X ambazo maneno ya Kiswahili hayazitumii. Mtoto anatazama picha, anasema "mpira", nawe unamfundisha sauti ya b. Unamchanganya bure. Angalia pia kama ch, sh na ny zimepewa nafasi yake, na kama ng'ombe ameandikwa na alama yake ya ritifaa. Aliyeiacha alama hiyo ameacha na mengine.

Ukubwa ni jambo la kupima kwa macho. Mweke mtu ashike kitabu, rudi nyuma hadi pale mtoto wa mwisho angekaa kwenye mkeka. Picha zenye vitu vidogo vingi ni tamu kwa watoto watano kwenye kona ya kusomea, lakini kwa darasa la watoto hamsini zinageuka rangi tupu. Fungua pia katikati uone kurasa zimeshikwaje: za gundi pekee huchomoka mapema, za uzi hudumu.

Kuhusu maudhui, mtoto akute humo nyumba ya bati, daladala, bibi aliyejifunga kanga. Akute pia theluji na nyangumi, maana hamu ya mambo ya mbali ni haki yake. Tazama nani anafanya nini. Ikiwa katika kila kitabu wasichana wanachota maji na wavulana wanavumbua vitu, watoto wanaliona hilo hata tusipolisema. Na vile vinavyomaliza kwa ukurasa wa mahubiri kuhusu utii, mimi siviweki darasani. Hadithi ikiwa nzuri, mtoto ameshaelewa.

Pa kuanzia papo. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulianza mwaka 1991, na Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam nayo inachapisha vya watoto kwa Kiswahili. Kama shule haina fedha, tovuti ya African Storybook, iliyoanza 2014, ina hadithi nyingi za Kiswahili za kupakua na kuchapa bila malipo. Watu wengi huandika na kutafsiri humo, hivyo Kiswahili chake hakilingani. Soma kila moja kwa sauti kabla ya kuchapa.

Vikishafika darasani, viache pale mikono ya watoto inapofika. Kipo kitakachoombwa kila siku, hadi kona za kurasa zikunjike na jalada lilegee. Fedha nyingine zikija, nunua kwanza nakala ya pili ya hicho.