Maswali ya Wasomaji: Loki na Deni Lisilofutika

*Mhariri, nasikia Loki wa katuni za Marvel ametubu. Nataka kumsoma mwenyewe, ila matoleo ni mengi hata sijui pa kushika. Nianzie wapi? (Msomaji, Tanga)*

Usianzie mwanzo. Loki aliingia katika *Journey into Mystery* namba 85, Oktoba 1962, kazi ya Stan Lee, Larry Lieber na Jack Kirby, na kwa karibu miaka hamsini huyu mungu wa hila akabaki adui wa Thor, mungu wa radi na ndugu yake wa kulelewa pamoja: anapanga hila, anashindwa, anarudi. Soma toleo hilo moja, kisha ruka hadi 2010.

Shika *Siege* namba 4. Loki ndiye aliyechochea vita dhidi ya Asgard, mji wa miungu. Anapouona mji unaporomoka anageuka, anawapa mashujaa nguvu, na Void, kiumbe wa giza mwenye nguvu za kutisha, anamuua. Wengi hudhani toba ni hiyo. Sivyo. Soma na *Siege: Loki*, toleo moja la Kieron Gillen na Jamie McKelvie: kabla ya kufa alikuwa amekwisha kupatana na Hela, mungu wa kifo, jina lake lifutwe katika kitabu cha wafu, kuzimu kusimshike. Hata kifo chake alikifanyia hesabu.

Katika *Thor* namba 617 ya Matt Fraction, Thor anamkuta Loki aliyezaliwa upya huko Paris: mtoto wa mtaani aitwaye Serrure, anayewalaghai wapita njia kwa karata na asiyekumbuka kitu. Hapo ndipo hadithi yenyewe inapoanza. Endelea na *Journey into Mystery* 622 hadi 645 (2011–2012), *Young Avengers* ya 2013, matoleo 15, kisha *Loki: Agent of Asgard* ya Al Ewing na Lee Garbett, matoleo 17 (2014–2015). Yote pamoja, na yale machache ya *The Mighty Thor* nitakayoyataja, yanazidi 60 kidogo tu.

Mtego uko kwenye namba 642. Kuanzia hapo hadithi inagawanywa kati ya *Journey into Mystery* na *The Mighty Thor*. Tangulia na *Mighty Thor* 18, kisha 642, kisha *Mighty Thor* 19, uende ukipishanisha hivyo. Namba 645 iwe ya mwisho kabisa. Ukifuata upande mmoja utaona vita vinarukaruka, na kifo cha mwishoni kitakukuta hujajiandaa.

*Nimemaliza 645 nikafunga kitabu kwa hasira. Mtoto mwema kauawa, mzee mwovu kabaki. Toba gani hiyo? (Msomaji, Nairobi)*

Hasira yako ni ya haki, na waandishi waliitaka. Kwa matoleo 24 yule mtoto alitumia ujanja uleule wa zamani kuokoa watu, huku Asgard nzima ikimchukia kwa makosa asiyoyakumbuka. Thor alimpenda. Bega kwa bega naye alikuwa Ikol, ndege wa jamii ya kunguru mwenye weusi na weupe, aliyebeba mabaki ya Loki mzee; lisome jina hilo kinyumenyume. Mwishoni hila za mtoto mwenyewe zinamfunga. Ili Mephisto, ibilisi wa katuni hizi, asizitawale jehanamu zote, hana budi kumeza Ikol na kumwachia mzee mwili wake. Mtoto anatoweka. Thor hajui, Asgard haijui. Sisi wasomaji tunajua.

Tunaamini toba inaanzia hapo, kwa sababu mzee amepata alichokipanga na hawezi kukifurahia. Makosa yake ya miaka hamsini yalikuwa ya kwenye vita, na kila mara hadithi iliyofuata iliyafuta. Hili halifutiki. Katika *Young Avengers* mzimu wa mtoto unamfuata kila aendako, mpaka tunagundua si mzimu: ni dhamiri yake.

Halafu *Agent of Asgard* inauliza swali gumu zaidi. Mama watatu wanaotawala Asgard wanampa mkataba: kila kazi atakayoifanya, kosa lake moja la kale litafutwa kwenye kumbukumbu. Ni sawa na kulipa deni kwa kuchana ukurasa wa daftari. Mkataba unavunjika, na ilibidi uvunjike. Loki mwingine, yeye mwenyewe akiwa amezeeka katika siku zijazo, anakuja kumwambia kwamba hatabadilika kamwe, na mbele ya Thor inabidi Loki wetu akiri kwamba alimuua mtoto. Thor hamkumbatii. Baadaye ndipo anajitangaza mungu wa hadithi: kipaji cha uongo ni kilekile, kimepata kazi nyingine.

Sasa rudi 1962. Katika toleo lile la kwanza Loki amefungwa ndani ya mti mpaka atokee mtu wa kudondosha chozi kwa ajili yake. Anaangusha jani katika jicho la Heimdall, mlinzi wa Asgard, jicho linatoa machozi, kifungo kinafunguka. Chozi la wizi. Ulilolitoa wewe kwenye 645 hakuliiba.

*Nachora katuni yangu ya matoleo 6, kurasa 20 kila moja. Mlaghai wangu ageuke vipi bila kuonekana wa bandia? (Mchoraji, Mombasa)*

Kwanza chagua kosa moja, lenye jina na uso. Mwovu aliyeua maelfu hatubu kwa msomaji, kwa kuwa maelfu hawana sura. Lichore kosa hilo mwishoni mwa toleo la 1, ukurasa mzima, na mwathirika aonekane vizuri.

Matoleo ya 2 na 3 mwache adanganye kwa faida ya wengine. Wachoraji wengi hukosea hapa: wakimgeuza mwema wanamnyang'anya ujanja, akabaki mtu mpole asiye na ladha. Uongo wake uendelee kuwa mtamu. Kinachobadilika ni nani anayefaidika na nani anayelipa.

Toleo la 4 mpe njia rahisi ya kusafishwa, na aipokee. La 5 njia hiyo imrudie vibaya, akiri kwa mdomo wake. Asikiri kwa rafiki anayempenda, akiri kwa yule aliyemuumiza au ndugu yake. Mpe mtu huyo angalau kurasa 3 za kujibu. Ukibana fremu hapo, umeharibu kazi yote.

Usimuue kwenye la 6. Kifo cha kishujaa ni njia ya mkato: mtu akifa wanaobaki humsamehe, na wewe umekwepa swali. Aamke kesho yake, wapo wanaomwamini na wapo wasiomwamini kamwe.

Weka pia mhusika mmoja asiyedanganyika. *Agent of Asgard* ina Verity Willis, anayeuona uongo wote. Mlaghai akiwa na mtu wa namna hiyo mezani, maneno yake machache ya kweli yanapata uzito.

*Je, Loki wa ngano za kale naye ni ndugu wa Thor? (Msomaji, Muscat)*

Hapana. Katika ngano za Skandinavia ni ndugu wa damu wa Odin, baba yake Thor, kwa kiapo. Laufey, ambaye katuni zimemfanya baba yake na mfalme wa majitu, huko ni mama yake. Wala hatubu. Baldr, mwana wa Odin, anapokufa, kuzimu inakubali kumrudisha iwapo viumbe vyote vitamlilia. Vyote vinalia, isipokuwa jitu jike moja liitwalo Thökk, na wanaosimulia husema huyo alikuwa Loki.