Joto la Februari, hasira na Piriton za usiku

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 38, naendesha bodaboda, nakaa Mbagala, chumba cha tofali chenye paa la mabati bila dari. Tangu Januari silali, na mchana nagombana na mke wangu na abiria kwa vitu vidogo. Jirani anasema ni jini. Dukani nilipewa Piriton, nameza mbili kila usiku, ila naamka mzito na hasira ziko palepale. Nihamie dawa gani yenye nguvu zaidi?

JIBU: Marahaba. Usihamie dawa yoyote, na hizo Piriton ziache leo.

Piriton ni dawa ya mzio: chafya, muwasho, mafua. Usingizi ni madhara yake tu, wauza dawa wameyageuza biashara. Kidonge cha saa nne usiku bado kiko kwenye damu unapopakia abiria saa moja asubuhi, na wewe uko barabarani. Ukimeza kila siku mwili unazoea: usingizi unaondoka, uzito wa kichwa unaweza kubaki. Halafu dawa za kundi hili hukausha mate na kupunguza jasho. Yaani mwezi ambao jasho ndilo linakupoza, wewe unalizuia!

Ili ulale, joto la ndani ya mwili lazima lishuke kidogo, nalo hutoka kupitia ngozi. Dar mwezi huu usiku mara nyingi haushuki chini ya nyuzi 25, hewa ina unyevu, jasho halikauki. Tofali za saruji zilizochomwa na jua kutwa zinaachia joto hadi usiku wa manane. Usingizi wa kukatika-katika siku kadhaa ndio unaoleta ugomvi, jini hahusiki.

Saa moja kabla ya kulala oga maji ya bomba, si ya barafu. Ya barafu hubana mishipa ya ngozi na joto hubaki ndani. Usijifute ukakauka kabisa, lala na unyevu kidogo feni ikikupiga. Chandarua usikitoe, ila matundu yake hukata upepo, kwa hiyo sogeza feni karibu, usawa wa kitanda. Godoro lenye jalada la nailoni livue, tandika shuka la pamba. Kahawa mwisho saa nane mchana. Bia inakulaza saa tano, inakuamsha saa tisa.

Wanaonikera zaidi ni wale ambao Piriton ikishindwa wanatoa Valium, dawa kali ya kutuliza, kidonge kimoja kimoja, bila cheti. Wiki chache tu huwezi kulala bila hiyo, na aliyeizoea akiiacha ghafla anaweza kupata degedege. Masika yatapooza mji, wewe bado unatafuta kidonge.

Wala si kila kukosa usingizi ni joto. Asiyelala lakini mchana ana nguvu za ajabu na anaongea bila kituo, apelekwe kliniki ya afya ya akili. Vivyo hivyo aliyenyong'onyea wiki mbili mfululizo hata siku za ubaridi, au anayewaza kujiua; huyu wa mwisho apelekwe leo.

Na mnaotumia Largactil (ya ugonjwa wa akili) au Artane (ya kupunguza madhara ya dawa kama hiyo), dawa hizo hupunguza uwezo wa mwili kujipoza: msiziache wenyewe, kaeni kivulini, kunyweni maji. Wa lithiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka mno, jasho jingi bila maji huipandisha kwenye damu. Mikono ikitetemeka kuliko kawaida, ukatapika au kuyumba, wahi hospitali siku hiyohiyo.