Jibu: Miche ya nyanya kulala kwenye kokopiti

Dada wa Pongwe, unasema unamwagilia trei mara tatu kwa siku na bado miche inalala. Hizo mara tatu ndizo zinazoiua. Kokopiti, huo unga wa makumbi ya nazi, hudanganya: juu imepauka, chini chepechepe. Chomeka kidole, au nyanyua trei usikie uzito; ikiwa nyepesi ndipo umwagilie, asubuhi, kwa kopo lenye matundu madogo. Mche ulionywea na kuwa mweusi shinani umeshapata ukungu, ng'oa tu. Halafu makumbi yetu haya ya pwani, mengine yamefukiwa kwenye maji ya bahari. Uliyasuuza chumvi kabla ya kusia? Mbolea ingoje majani halisi yatoke, yale yanayofuata vijani viwili vya mwanzo, nayo iwe nyepesi sana.