Mwaka wa kuanza maktaba ya kijiji

Mmeuliza kama 1968, mliyoikuta ndani ya kitabu kimoja cha maktaba ya kijiji chenu, ndio mwaka ilipoanza maktaba hiyo. Hapana, 1968 hiyo ni mwaka wa kuchapwa kitabu, haithibitishi kuwa maktaba ilianza hapo. Maktaba za shamba, Unguja na Pemba, zimepokea vitabu vingi vya msaada vilivyokwishatumika kwengine, na mara nyingi muhuri wa mwenyewe wa kwanza bado umo.

Tafuteni daftari la kupokelea vitabu. Kila kitabu kinapewa namba kwa mfuatano, na tarehe ya namba 1 ndiyo iliyo karibu zaidi na mwanzo. Daftari likiwa limeliwa na mchwa, pekueni rafuni kitabu chenye namba ndogo kabisa, kisha msome tarehe ya kwanza kwenye karatasi ya kurejeshea, ile ya ndani ya kitabu inayogongwa muhuri wa tarehe kinapoazimwa. Wino wa muhuri hufifia kwa unyevu. Uinamisheni ukurasa ubavuni mwa mwanga, alama zitaonekana.

Tarehe hizo zikikosekana zote, nendeni Nyaraka, Kilimani, Unguja, zinakohifadhiwa kumbukumbu za zamani za Zanzibar. Msihangaike na Dar, Bodi ya Huduma za Maktaba ya kule ni ya Bara. Na hilo daftari, tafadhali, lipigeni picha kila ukurasa kabla mvua za masika.