Maswali ya Wasomaji: Waliozaliwa 24 Oktoba na Mikataba ya Siku Hiyo

SWALI: Habari za kazi mhariri. Binti yangu kazaliwa tarehe 24 Oktoba, shangazi yake anashikilia kwamba watoto wa siku hiyo wanakuwa wapatanishi kwa sababu ndo siku ya Umoja wa Mataifa. Ni kweli? Na kina nani wengine walizaliwa siku hiyo?

JIBU: Hongera sana mama, Mungu amkuze. Ila tarehe haimpi mtu tabia, na 24 Oktoba yenyewe inatoa ushahidi, maana Rafael Trujillo alizaliwa siku hiyo mwaka 1891, huyu ndo dikteta aliyeibana Jamhuri ya Dominika kuanzia 1930 mpaka alipouawa 1961, na mwaka 1937 aliamuru mauaji ya maelfu ya Wahaiti. Mpatanishi gani huyo.

Mwambie binti yako habari za Antonie van Leeuwenhoek, huyo nampenda mno. Alizaliwa Delft, Uholanzi, 24 Oktoba 1632, akawa mfanyabiashara wa vitambaa, hakusoma chuo kikuu, Kilatini hakukijua, lakini alijisagia lenzi mwenyewe, akatengeneza hadubini ndogo, akawa wa kwanza kuona bakteria, akawa anawaandikia wanasayansi wa Royal Society kule London kwa Kidachi chake hicho hicho. Aliendelea hivyo mpaka uzeeni, akafariki 1723 akiwa na miaka 90. Wa siku hizi wapo mwanasoka Wayne Rooney (1985) na mwanamuziki Drake (1986), hao vijana watakusimulia wenyewe.

SWALI: Kitabu kimoja kinasema Amani ya Westphalia ilisainiwa 24 Oktoba 1648, kingine kinasema 14 Oktoba. Kipi kimekosea?

JIBU: Hakuna kilichokosea. Hiyo ndo mikataba iliyomaliza Vita vya Miaka Thelathini huko Ulaya. Wakati ule Wakatoliki walishahamia kalenda mpya ya Papa Gregori, huku sehemu kubwa ya Waprotestanti wa Ujerumani na Uswidi wakibaki na ile ya zamani, na tofauti ilikuwa siku kumi. Ndo maana mkataba wa Osnabrück una tarehe zote mbili, 14 na 24, kila upande usome ya kwake. Mi naona hapo ndo pazuri kabisa, watu wamepigana miaka thelathini tangu 1618, nusu ya ugomvi ni dini, halafu hata tarehe ya leo hawakubaliani, na bado wakasaini.

Tena hawakukaa hata mji mmoja. Wafaransa na wajumbe wa mfalme mkuu wa Dola Takatifu la Roma (dola la nchi nyingi za Kijerumani) walizungumza Münster, Waswidi wakawa Osnabrück, kama kilomita 50 hivi kati yao, ujumbe unakwenda na kurudi kwa farasi, miaka inapita na huko nje vita vinaendelea kama kawaida. Kwa hiyo ukiona kwenye kalenda mstari mmoja tu, "siku hii amani ilisainiwa", ujue mstari huo umemeza miaka ya kubishana. Na Leeuwenhoek siku hiyo alikuwa anatimiza miaka 16, mwaka huo huo Hispania ilipoikubali rasmi Uholanzi kuwa nchi huru.

SWALI: Mkataba wa Umoja wa Mataifa ulisainiwa San Francisco tarehe 26 Juni 1945, sasa mbona tunasherehekea Oktoba?

JIBU: Kusaini ni jambo moja, kuridhia ni jingine. Mwezi Juni nchi 50 zilisaini, lakini mkataba wenyewe ulisema hautaanza kazi mpaka uridhiwe na zile tano kubwa (Marekani, Uingereza, Ufaransa, China na Muungano wa Kisovieti) pamoja na zaidi ya nusu ya nchi nyingine zilizosaini. Hesabu hiyo ilitimia 24 Oktoba 1945, na mwaka 1947 Baraza Kuu likaamua tarehe hiyo ndo iwe siku ya umoja huo.

Nikae kidogo kwa Poland hapa, maana inanigusa. San Francisco haikuwepo, serikali yake ilikuwa bado inagombaniwa, wenzake wakaiachia nafasi kwenye karatasi, ikaja kusaini Oktoba ikawa ya 51, na inahesabiwa mwanachama tangu 24 Oktoba 1945. Sasa rudi nyuma miaka 150 kamili, 24 Oktoba 1795, Urusi, Prussia na Austria zilikubaliana kugawana kipande cha Poland kilichokuwa kimebaki, nchi ikafutwa kwenye ramani mpaka 1918. Kwa hiyo tusiipambe sana diplomasia, kalamu na meza vinaweza kuua nchi pia, inategemea nani kaitwa mezani na nani kaachwa nje.

SWALI: Na Afrika je, tuna letu siku hiyo?

JIBU: Lipo, Zambia. Ilipata uhuru 24 Oktoba 1964, Kenneth Kaunda akawa rais wa kwanza. Siku hiyo hiyo Olimpiki ya Tokyo ilikuwa inafungwa, na wanamichezo walioingia uwanjani tarehe 10 kwa jina la Rhodesia ya Kaskazini wakapita kwenye sherehe ya kufunga na bendera mpya ya Zambia. Tarehe 1 Desemba mwaka huo nchi yao ikapokelewa Umoja wa Mataifa.